Niliyafuta majina matatu kwenye sala. Alhamisi nafundisha Danieli 3. Nitasimamaje?

KatibuWaUsharika aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila leo ndiyo naandika mara ya kwanza. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaokota mawe.

Ni katibu wa usharika. Kazi yangu Jumapili ni kusoma matangazo, kisha sala za maombezi: wagonjwa, wafiwa, wasafiri, wenye mitihani. Orodha naiandika kwa mkono Jumamosi jioni kwenye daftari lenye jalada gumu, kwa sababu printa ya ofisini huchagua kugoma siku hiyohiyo.

Miaka mitatu iliyopita vijana watatu wa kwetu walichukuliwa usiku. Nchi sitaitaja wala mji. Hawakufikishwa mahakamani, hakuna shitaka lililosomwa, na mpaka leo hawajulikani walipo. Kosa lao, kwa ninavyojua, ni kuuliza hadharani swali ambalo sisi wengine tulikuwa tunaulizana kwa kunong'ona. Jumapili iliyofuata niliyaweka majina yao kwenye orodha, namba 7, 8 na 9, baada ya wagonjwa. Nikayasoma. Hata watoto walitulia. Nikayasoma wiki ya pili, na ya tatu.

Jumatano ya wiki hiyo mgeni mmoja alifika ofisini kwa mchungaji. Alikuwa na adabu sana. Alikunywa maji, akasifia madirisha mapya, akasema kanisa ni mahali pa amani na ingependeza maombi yasichanganywe na mambo mengine. Alipoondoka, mchungaji aliniita. Macho yake yalikuwa mezani. Akasema, "Katibu, utaona mwenyewe la kufanya."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: hakuna aliyeniamuru. Jumamosi ile nilikaa na rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya namba 7, nikapiga juu ya 8, nikapiga juu ya 9. Mistari imenyooka kabisa, maana nilitumia rula. Daftari bado ninalo.

Jumapili nilisoma wagonjwa, nikavuta pumzi, nikaingia kwa wasafiri. Mama mzazi wa mmoja wa vijana wale hukaa benchi la tatu kushoto, dirishani. Baada ya ibada alinipa mkono kama siku zote, akasema, "Ahsante kwa matangazo." Basi. Tangu siku ile sijaweza kumsalimia macho kwa macho.

Sasa zamu ya kufundisha kikundi cha Alhamisi imeniangukia, na somo ni Shadraka, Meshaki na Abednego, wale vijana watatu waliotupwa tanuruni Babeli kwa kukataa kusujudia sanamu ya mfalme. Kila nikitaka kujitetea moyoni nakimbilia Warumi 13, kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na nafsi inatulia kwa kama dakika tano hivi. Je, hapo ni kimbilio halali au najificha tu? Na mtu aliyeshindwa na sauti ya upole ya mgeni anayekunywa maji atafundishaje habari za watu walioshinda tanuru? Msinipake mafuta. Niambieni ukweli.

---

MzeeWaMimbari alijibu:

Mwanangu katibu, amani iwe kwako.

Nimehubiri miaka 41, na Warumi 13 niliihubiri vibaya kwa nusu ya miaka hiyo. Kwa hiyo nisikilize kama mtu anayetubu.

Kwanza, Paulo hakuandika sura. Sura tulizonazo ziligawanywa karne ya 13. Ukisoma barua kama barua, maneno ya kutii mamlaka yanafuata moja kwa moja baada ya "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema." Paulo anawakataza watu kulipiza kisasi. Kuwaomba wamsaidie mwovu kazi yake ni jambo jingine kabisa, na halimo pale. Pili, endelea mpaka aya ya 3 na ya 4. Mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana wake. Ukimtuma mtumishi achote maji, naye akaenda kuwachapa wageni wako, atasema nini? Kwamba alitumwa? Kazi aliyotumwa inajulikana, imeandikwa palepale.

Kisha mtazame Paulo mwenyewe. Kule Filipi walimchapa viboko hadharani bila kuhukumiwa, asubuhi wakataka kumtoa kimyakimya. Akagoma. Akasema wao ni raia wa Rumi, wakuu waje wenyewe wawatoe. Wakaja, wakasihi. Hiyo ni Matendo 16. Huyohuyo ndiye aliyesema mtii mamlaka! Na mapokeo ya kanisa yanasema mamlaka hiyohiyo ya Rumi, chini ya Kaisari Nero, ndiyo iliyomkata kichwa. Biblia ina Warumi 13 na ina Ufunuo 13, ambako dola ni mnyama atokaye baharini. Anayekusomea moja na kukuficha ya pili, muulize kwa nini.

Hili si wazo langu. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakubwa waliishika Warumi 13 kama fimbo. Mwaka 1985 wachungaji na wanateolojia wakatoa Waraka wa Kairos, wakaliita jambo hilo kwa jina lake: teolojia ya dola.

Lakini wewe shida yako si tafsiri. Unaogopa kwamba umechelewa. Basi nikupe Beyers Naudé. Kaburu, mchungaji, mtoto wa mchungaji, mwanachama wa Broederbond, ile jumuiya ya siri ya Makaburu wenye madaraka, tangu 1940. Zaidi ya miaka 20 alikaa mle ndani, akila na kunywa nao. Kwenye kitongoji cha weusi cha Sharpeville mwaka 1960 polisi waliua watu 69, na ndipo dhamiri yake ilipokosa usingizi. Mwaka 1963 kanisa lake likamtaka achague: uchungaji au ile Taasisi ya Kikristo aliyokuwa ameianzisha. Akapanda mimbarani akahubiri Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," akauacha uchungaji. Alikuwa na miaka 48. Mwaka 1977 serikali ikamwekea marufuku iliyodumu miaka 7: asihutubie, asinukuliwe, asikutane na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati.

Umri wa miaka 48, mwanangu. Wewe umechelewa mitatu.

---

MbishiWaKona alijibu:

Mzee shikamoo, na heshima yako naitunza. Ila kuna kitu kwenye nyuzi kama hizi hunikera: tunahesabu mashujaa kama tunahesabu mabao, halafu hakuna anayeuliza watoto wa shujaa walilala na nini tumboni.

Mimi nitamtaja Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, kijiji cha St. Radegund. Mwaka 1938 kura ya kujiunga na Ujerumani ya Hitler ilipopigwa, kijijini pale alikuwa yeye peke yake aliyesema hapana. Baadaye akakataa kupigana vita vya Hitler. Alikwenda kwa padri. Padri akamwambia fikiria familia. Akaenda kwa askofu. Askofu naye: fikiria familia. Alikuwa na mke, Franziska, na mabinti watatu wadogo. Tarehe 9 Agosti 1943 wakamkata kichwa kule Brandenburg. Alikuwa na miaka 36.

Hapo wengi hufunga hadithi. Mimi naifungua. Franziska alibaki na shamba na watoto, na majirani wengine wakimlaumu yeye kwamba udini wake ndio uliomponza mumewe. Malipo ya wajane wa vita alinyimwa mpaka 1950, kwa kuwa eti mumewe hakufa akiitetea nchi. Vita imekwisha, Hitler amekufa, na bado mjane anaadhibiwa! Mwaka 2007 kanisa likamtangaza Franz kuwa mwenyeheri. Franziska alikuwepo kwenye misa hiyo, bibi wa miaka 94.

Kwa hiyo kanisa lilimwambia asifanye, akafanya, na baada ya miaka 64 likampamba kwa sababu alifanya. Mnisamehe, lakini naona kichekesho kichungu hapo.

Ndugu katibu, sikucheki. Nakuuliza tu: ukiyasoma yale majina Jumapili, mgeni wa Jumatano akirudi bila adabu safari hii, nani atakuwa amekaa na wewe ofisini? Mchungaji atakuwa anatazama meza. Kabla hawa wapendwa hawajakusukuma tanuruni, nataka wanitajie nani anaingia nawe. Shadraka hakuwa peke yake, walikuwa watatu. Watu wanaisahau hesabu hiyo.

---

MkungaMstahimilivu alijibu:

Kaka Mbishi, umesema jambo. Nitalirudia baadaye kidogo.

Mimi ni mkunga, mwaka wa 19 huu. Kwa hiyo nikisikia habari za wadhalimu kwenye Biblia siendi Babeli, naenda Kutoka 1, kwa wenzangu Shifra na Pua. Farao anawaita, anawaambia wakizalisha Waebrania, mtoto akiwa wa kiume wamwue. Tazama alivyo mjanja. Hakutuma askari. Alitaka iwe kazi ya chumbani, kati ya mkunga na kitoto ambacho hakijapata hata jina, mama aambiwe bahati mbaya. Udhalimu unapenda sana mikono ya watu wapole, wanaoaminika. Mikono kama yangu. Kama yako, katibu, yenye rula.

Hawakufanya. Walipoitwa tena waulizwe, wakamwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania ni hodari, huzaa kabla mkunga hajafika. Mimi kila nikifika hapo nacheka peke yangu, maana visingizio vya chumba cha kujifungulia navijua vyote. Hawakusimama mbele ya mfalme kutoa hotuba. Walichelewa kazini! Na Mungu akawatendea mema. Kitu kingine: majina yao yameandikwa, wawili wote. Farao hajatajwa jina, na wasomi mpaka leo wanabishana alikuwa yupi.

Neno linalonishika pale ni kwamba walimcha Mungu. Haikuandikwa kwamba hawakuogopa. Hofu ilikuwepo, ila ilikuwa na anwani nyingine.

Na kama hata wakunga ni wakubwa mno kwako, mchukue Obadia, 1 Wafalme 18. Huyu alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu. Mtumishi wa ikulu, kwa kusema kweli. Yezebeli anawaua manabii, yeye anawaficha mia, hamsini hamsini pangoni, anawalisha na kuwapa maji. Piga hesabu ya chakula na maji ya watu mia kila siku wakati wa ukame, na kurudi kazini usiku mikono imeoshwa. Elia alipomtuma kwa Ahabu alitetemeka, akajieleza sana, akasema Ahabu ataniua. Mwoga mwenzako. Akaenda hivyohivyo.

Sasa la kwangu kwako, ndugu yangu, na nitalisema kama dada. Umeandika maneno mengi kuhusu daftari lako na moyo wako. Yule mama umempa mistari mitatu. Nenda kwake kabla ya Alhamisi. Usiende na zawadi. Usiende kulia ili akubembeleze, hiyo itakuwa kumtwisha mzigo wa pili. Nenda, mwambie ulichofanya kwa kalamu nyekundu, kisha nyamaza umsikilize. Kazini kwetu tunajifunza mapema: mama ndiye anayejua uchungu umefika wapi. Sisi tunakisia kwa nje.

---

MlangoWaKumbukumbu alijibu:

Nimesoma wote. Nataka kumjibu Mbishi, kwa sababu swali lake la nani anaingia nawe lina majibu kwenye historia ya huku kwetu Afrika, na majibu yanatofautiana.

La kwanza ni Janani Luwum, askofu mkuu wa Anglikana Uganda tangu 1974. Watu humkumbuka kama shahidi tu, lakini kabla ya hapo wapo waliomnung'unikia kwamba yuko karibu mno na Idi Amin. Alikuwa akienda kwa wakubwa, akiwaombea watu waliokamatwa, akiutumia mlango maadamu haujafungwa. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake wakimtolea bunduki, wakitafuta silaha. Hawakukuta kitu. Maaskofu wakakutana, wakaandika barua kwa Amin, wakatia saini zao. Si yeye peke yake. Barua ilisema wazi kwamba kama askofu mkuu anaweza kufanyiwa vile usiku, Mkristo wa kawaida hana usalama wowote.

Tarehe 16 Februari wakaitwa Kampala, mbele ya umati wa askari, wakasomewa kwamba wanapanga njama. Mwishoni maaskofu wengine wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hakuna aliyeamini. Kule Namirembe, kanisa kuu la Anglikana Kampala, walikuwa wamekwisha kumchimbia kaburi, jirani na la askofu Hannington, lakini mwili hawakupewa. Ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini. Jumapili watu wakaja Namirembe kwa maelfu hata hivyo, wakasimama kuzunguka kaburi tupu, wakaimba. Hebu fikiri: mtawala amekwisha kumuua mkuu wenu, na ninyi mnakwenda kuimba mahali ambapo kila mpelelezi anawahesabu. Mimi naona ujasiri wa siku ile ni wa hao wasio na majina.

La pili ni Malawi, na hili, katibu, litafakari kwa utulivu. Kamuzu Banda alikuwa rais wa maisha tangu 1971. Chama kimoja, na maneno yalipimwa kabla hayajatoka mdomoni. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, viongozi saba wa Kanisa Katoliki walitoa barua ya kichungaji. Nakala 16,000 zilichapwa kimyakimya na kusambazwa, na barua ikasomwa parokiani kote, siku moja. Ilisema mambo ambayo kila mtu aliyajua: pengo la matajiri na maskini, hali ya shule na hospitali, watu kukosa uhuru wa kusema, haki kutotendeka. Serikali ikaiita ya uchochezi, kuwa nayo ikawa kosa. Maaskofu wakahojiwa na polisi. Lakini ungemkamata nani? Padri aliyesoma? Wamesoma wote. Muumini aliyesikia? Wamesikia wote. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi, na 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Si kila barua huzaa kura ya maoni. Barua ya Uganda ilizaa jeneza, na Amin alikaa miaka miwili zaidi. Walioandika zote mbili hawakujua ipi itakuwa ipi. Ndiyo maana mimi kwenye Danieli 3 sipendi watu wanapokimbilia yule wa nne aliyeonekana pamoja nao ndani ya moto. Simama kwanza kwenye aya ya 18: "Bali kama si hivyo." Wale vijana walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, bali kama si hivyo, hatusujudu. Waliisema kabla hawajajua mwisho. Fundisha hapo, hata saa nzima.

---

MbishiWaKona alijibu:

Nimekubali nusu, na mimi kukubali nusu ni habari ya gazetini.

Malawi imenijibu. Basi katibu, fanya hesabu ya Malawi kwa kipimo chako. Usiyasome peke yako. Tafuta watu watano wa mabenchi tofauti. Ukifika mwisho wa wagonjwa, kila mmoja anasimama alipo anataja jina. Akija mgeni akuulize nani kasoma, jibu liwe refu kuliko karatasi yake. Na mchungaji umwambie kabla, usimvizie. Huenda naye ana rula yake mahali.

Franziska simwachi. Hao watano wakubaliane pia nani atakwenda kwa mkeo usiku ule, kama usiku ule ukija. Hilo lipangwe sasa, mkiwa na akili timamu.

---

MzeeWaMimbari alijibu:

Naongeza dogo tu, kisha nikalale. Yohana anasema Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa, sura ya 18. Sura ya 21, Bwana amefufuka, anawapikia samaki ufuoni, na Yohana anataja tena moto wa makaa. Agano Jipya halitaji moto wa namna hiyo mahali pengine. Sidhani ni bahati mbaya. Petro aliulizwa mara tatu palepale penye harufu ileile.

Hilo daftari usilitupe.

---

KatibuWaUsharika alijibu:

Wapendwa, zimepita siku kumi na mbili. Wengine mmeniandikia pembeni mkiuliza kama niko hai. Niko.

Kwa yule mama nilikwenda Jumanne ile, jioni. Dada Mkunga, nilifanya ulivyosema, sikubeba kitu isipokuwa daftari. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaisahau yote mlangoni. Nilifungua ukurasa, nikamwonyesha mistari mitatu myekundu, nikasema, "Mama, ni mimi niliyepiga. Sikuamriwa."

Alivaa miwani, akatazama kwa muda. Akasema, "Najua. Ungeamriwa ungepiga haraka haraka. Hii imepigwa na mtu anayeona aibu."

Kisha akafungua Biblia yake, katikati ya Zaburi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka inapitisha mwanga. Majina matatu, kwa mwandiko wake. Akaniambia miaka yote mitatu kila Jumapili nikimaliza wagonjwa yeye huyasoma kimoyomoyo. "Wewe ukivuta pumzi, mimi naanza," akasema. "Ukifika kwa wasafiri nimekwisha kumaliza."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nadhani ile pumzi ni siri yangu.

Alhamisi nilifundisha. Watu kumi na wanane. Nilianza kwa kuliweka daftari mezani, nikasimulia, ndipo nikasoma aya ya 18. Kijana mmoja akauliza kama wale watatu waliogopa. Nikamwambia maandiko hayasemi. Akasema, "Mimi ningeogopa." Fundi bomba wetu, mtu asiyezungumza mwaka mzima, akasema hata yeye, na kwamba kama ni kusimama atasimama, ila asipewe jina refu. Kabla hatujafunga sala walikuwa sita.

Mchungaji nilimwambia Ijumaa. Mbishi, ulikisia. Alikaa kimya, akavuta droo, akatoa barua aliyoandika miaka mitatu iliyopita kuulizia vijana wale, yenye tarehe na saini, ambayo hakuituma. Alinipa niisome, kisha akairudisha kwenye droo. Hakusema ndiyo. Hakusema pia nitaona mwenyewe la kufanya.

Mke wangu tulizungumza mpaka usiku wa manane. Hayo nayaacha nyumbani. Itoshe kusema fundi bomba na mkewe wanajua mlango wetu.

Nikitoka kwa yule mama siku ile alinisindikiza mpaka nje, akanishika mkono kama anavyonishika kanisani. Nilitegemea neno la baraka. Akasema, "Ukiyasoma, soma taratibu. Jina la pili huwa mnalikosea, si kama lilivyoandikwa, sauti inapanda mwishoni." Akalitamka. Akanitaka nilitamke. Mara ya tatu ndipo akasema sawa.

Juzi Jumapili nilimaliza wagonjwa. Nikavuta pumzi. Benchi la sita kulia mtu akasimama, akataja jina la kwanza. Mimi nilikuwa nimejiwekea la pili, nikalitamka, sauti ikapanda mwishoni. La tatu likatoka nyuma kabisa, kwa fundi bomba, na lilikuwa refu kweli. Wengine watatu wakasimama tu, wameshika viti vya mbele yao. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikuwa ameshika miwani mkononi, hajaivaa, na karatasi sikuiona.

Baada ya ibada alipita akanipa mkono. "Ahsante kwa matangazo," akasema, na safari hii nilimtazama.

Leo ni Jumanne. Daftari nimelirudisha ofisini, kwenye meza, mahali pake. Yule mgeni, kama mnakumbuka, siku yake ni Jumatano. Fundi bomba ameniambia kesho ana bomba la kuangalia ofisini kwetu, tangu asubuhi mpaka jioni. Bomba lenyewe halivuji.